Seli T na lipidi za vimelea: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Seli T hutambua protini tu."

Ndivyo wengi tulivyofundishwa kuhusu seli T, chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi. Kimelea kinaingia, protini zake zinakatwakatwa kuwa vipande vifupi viitwavyo peptidi, molekuli za MHC zinazibeba hadi juu ya seli, kisha seli T inapita kukagua. Somo hilo si la uongo, ila liliachwa nusu. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba zipo seli T za binadamu zinazoitikia asidi ya maikoli, lipidi (aina ya mafuta) ndefu ya ukuta wa bakteria wa kifua kikuu. Iliyoibeba lipidi hiyo haikuwa MHC, bali molekuli nyingine iitwayo CD1b.

Binadamu tuna CD1 za aina tano, a hadi e. Jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 1, wakati zile za MHC ziko kwenye kromosomu ya 6.

"Basi seli T hunasa mafuta yanayoelea kwenye damu."

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Lipidi na maji havipatani, kwa hiyo lazima lipidi ishikwe. CD1 ina mfuko wenye kuta zinazokwepa maji. Mikia ya lipidi huzama humo, na kichwa chake, mara nyingi sukari au fosfati, hubaki nje. Fikiria kisu kilichomo alani: unachokiona ni mpini. Kipokezi cha seli T hugusa mpini huo pamoja na kingo za ala.

CD1b ndiyo yenye mfuko mkubwa kuliko wenzake, tena wenye vichuguu vilivyoungana, nayo huweza kumeza asidi ya maikoli yenye kaboni 70 hadi 90. Upimaji wa kichwa nao ni mkali ajabu. Zipo seli T zinazoitambua asidi hiyo ikiwa imeunganishwa na glukosi. Weka manosi au galaktosi mahali pa glukosi, nazo hunyamaza. Sukari hizo zina atomi zilezile, kwa idadi ileile. Tofauti ni upande tu linakoelekea kundi moja la oksijeni na haidrojeni.

Lipidi haijipeleki mfukoni. Kazi hiyo hufanyika zaidi ndani ya lisosomu, vifuko vya kumeng'enyea vilivyomo ndani ya seli, ambako protini ziitwazo saposini huing'oa kwenye utando na kuipachika. CD1e haifiki juu ya seli kabisa. Inasaidia humohumo ndani.

(Mfano wa kisu una mwisho wake. CD1a ya ngozini huweza kubeba mafuta yasiyo na kichwa, kama skwaleni, na hapo seli T hugusa CD1a yenyewe.)

"Seli T ikiitikia lipidi, lazima lipidi hiyo ni ya kimelea."

Si lazima. Chukua seli za NKT, aina ya seli T ambazo huitikia lipidi zinazobebwa na CD1d, tena ndani ya saa chache. Lipidi iliyozipa umaarufu, alfa-galaktosilseramidi, ilitokana na sifongo wa bahari ya Okinawa, kiumbe asiyemwambukiza mtu yeyote! Baadaye lipidi zinazokaribiana nayo zilipatikana kwa bakteria kama Sphingomonas na Borrelia. Lakini katika maambukizi ya Salmonella, seli za NKT zinaweza kuamshwa na lipidi za mwili wenyewe, mradi seli iliyoambukizwa itoe IL-12, protini ya kupashana habari kati ya seli za kinga, ya kuzisukuma. Kengele hulia bila mwizi kuonekana.

Na NKT si NK (seli uaji asilia, kundi jingine la seli za kinga). Jina linapotosha.

"Panya wa maabara ametuonyesha yote."

Panya hana CD1a, b wala c. Ana CD1d peke yake. Ndiyo maana tunajua mengi zaidi kuhusu NKT. Anayetaka kuchunguza CD1b kwa panya hana budi kumpandikiza jeni za binadamu.

"Bakteria atabadilisha lipidi zake kama anavyobadilisha protini."

Ni vigumu zaidi. Peptidi hubadilika kwa kosa moja la jeni, lakini lipidi ni zao la vimeng'enya vingi vinavyopokezana, na asidi ya maikoli ni uhai kwa bakteria wa kifua kikuu. Dawa ya isoniazidi hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wake. Aidha, MHC hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, ilhali CD1 karibu ni ileile kwa wote, jambo linalowavutia watengeneza chanjo. Tusikimbilie kushangilia, hata hivyo: BCG, chanjo ya kifua kikuu, ni bakteria mzima aliyedhoofishwa, si lipidi iliyochujwa. Naye bakteria wa kifua kikuu ana hila nyingine. Akishaingia kwenye seli zinazopaswa kumtangaza, anaweza kupunguza CD1 zilizo juu ya seli hizo. Lipidi hubaki zilezile, ila ala za kuzionyesha ndizo zinazoadimika.