Je, wajua kwa nini kiwanda cha basi la "kumbakumba" kilifungwa?

Aliyekuwa mtu mzima Dar es Salaam enzi za UDA, shirika la mabasi ya jiji, hahitaji kuelezwa Ikarus ni nini. Lilikuwa basi refu lisilo kifani, limeungwa katikati, na pale kwenye kiungo pamezungushiwa mpira mweusi wenye mikunjo kama kodiani. Watu wakaliita kumbakumba, maana likisimama kituoni linakumba wote waliopo. Kijana wa leo anayepanda mwendokasi hudhani basi la namna hiyo liliingia mjini mwaka 2016. Babu yake alishalipanda, tena kwa kuning'inia mlangoni.

Basi hilo lilitoka Hungaria, nchi isiyo na bahari yenye watu takriban milioni 10. Kiwanda chake kilikuwa Mátyásföld, pembezoni mwa jiji la Budapest. Chimbuko lake ni karakana ya mhunzi aitwaye Imre Uhri, iliyoanza mwaka 1895; serikali ya kikomunisti ikaitaifisha, na mwaka 1949 ikaunganishwa na kampuni nyingine iliyokuwa tayari na jina la Ikarus. Miaka ya 1980 ilifika mahali pa kutoa mabasi zaidi ya 13,000 kwa mwaka. Aina ya 280, ndilo hilo la kiungo, yalitengenezwa zaidi ya 60,000. Ndugu yake mfupi, 260, yalipita 70,000. Ni watengenezaji wachache sana duniani waliokuwa wakiifikia Ikarus wakati huo. Kufika mwaka 2003, geti la mwisho lilikuwa limefungwa.

Jibu la haraka utakalolisikia ni kwamba vitu vya kikomunisti vilikuwa vibovu, basi vikafa. Silikubali. Hata Wamarekani, katikati ya vita baridi, waliyanunua: kampuni ya Crown ya California ilichukua mabodi kutoka Hungaria, ikafunga injini za Cummins, yakabeba abiria wa miji kama Portland. Kitu kibovu hakivuki bahari kwenda kwa adui yako.

Siri ya 280 ilikuwa urahisi wa ubunifu wake. Injini ya dizeli, iliyotengenezwa na kiwanda cha Rába cha hukohuko Hungaria kwa leseni ya MAN ya Ujerumani, ililazwa chini ya sakafu ya kipande cha mbele. Ilizungusha magurudumu yaliyo mbele kidogo ya kiungo. Kipande cha nyuma hakikuwa na kazi ila kufuata, kama tela linavyofuata trekta. Fundi hakuhitaji mitambo ya ajabu ya kuzuia basi lisijikunje kama kisu barabarani, tatizo linalowasumbua wanaoweka injini nyuma kabisa ili isukume. Mita 16.5 za chuma, sahani ya kuzunguka katikati, mpira wa kuzuia vumbi, kwisha. Aliyesimama juu ya sahani ile wakati dereva anakata kona anajua: mguu mmoja unaenda kushoto, mwingine unabaki, na sakafu inakuzungusha taratibu kama unachezeshwa ngoma usiyoijua. Warusi nao waliliita garmoshka, yaani kodiani.

Shika hilo la injini chini ya sakafu. Nitalirudia.

Kilichoiua Ikarus kilikuwa kwenye daftari la mauzo. Nchi za kambi ya Kisovyeti zilikuwa na umoja wao wa kiuchumi, Comecon, na ndani yake ziligawana kazi. Hungaria ilipewa mabasi. Maana yake ni kwamba Moscow ikitaka mabasi, inaagiza Budapest. Ujerumani Mashariki ikitaka, Budapest. Malipo hayakuwa pesa unayoweza kuitia mfukoni. Yaliandikwa kwa kitu kilichoitwa rubo ya kuhamishika, hesabu ya kwenye vitabu tu: Hungaria imepeleka mabasi kadhaa, Wasovyeti wamepeleka mafuta, gesi na malighafi, mwisho wa mwaka vitabu vinalinganishwa. Kiwanda chenyewe hakikuuza hata basi moja nje kwa mkono wake. Kulikuwa na kampuni ya serikali, Mogürt, iliyosaini mikataba. Mhandisi wa Ikarus angeweza kumaliza maisha yake kazini bila kukutana na mteja anayemwambia, "Bei yako ni kubwa, naenda kwa jirani." Jirani hakuwapo.

Na Umoja wa Kisovyeti ulikuwa mteja mkubwa kupita wengine wote, Ujerumani Mashariki ikifuata. Muuza maandazi anayepeleka sinia zima kwa kantini moja ya kiwanda anaielewa raha hii. Anaielewa pia asubuhi ile anapokuta kantini imefungwa.

Kwa Ikarus, asubuhi hiyo ilikuja mara mbili. Julai 1990 Ujerumani Mashariki iliingia kwenye sarafu ya Ujerumani Magharibi, miezi mitatu kabla ya nchi zenyewe kuungana. Meneja wa usafiri wa Leipzig au Dresden alilala akiwa mteja wa kudumu wa Ikarus, akaamka ana deutschmark mkononi, na Mercedes na MAN wako mlangoni. Kisha Januari 1991 biashara kati ya nchi za Comecon ikahamia kwenye fedha za kigeni, dola halisi. Wasovyeti walikuwa bado wanahitaji mabasi, pengine kuliko zamani, ila dola hawakuwa nazo. Juni mwaka huo Comecon ikavunjwa, na Desemba Umoja wa Kisovyeti wenyewe haukuwepo tena. Mteja mkuu amegeuka nchi 15, karibu zote hazina kitu.

Sisi tuliuonja ugonjwa huo kabla yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupaa, Tanzania ilikaukiwa fedha za kigeni, na mabasi ya UDA yakawa yanalala karakana yakisubiri spea. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini, tukapata daladala. Chuma kilikuwepo na abiria walikuwepo. Kilichokosekana ni sarafu anayoikubali mwenye spea.

Ikarus haikukaa tu ikisubiri kufa. Ilikuwa na familia mpya, mabasi ya mfululizo wa 400, na kampuni za Kirusi zikaingia na hisa. Ila hapa ndipo injini ile ya chini ya sakafu inaporudi. Miaka ya 1990 miji ya Ulaya ilianza kudai mabasi ya sakafu ya chini, ambayo mzee mwenye mkongojo au mama mwenye kigari cha mtoto anaingia bila kupanda ngazi. Ukiwa na injini imelala chini ya miguu ya abiria, sakafu hiyo huipati. Lazima uanze upya, na kuanza upya kunataka mabilioni ambayo kampuni iliyopoteza soko haina. Basi la sakafu ya chini walilitengeneza, Ikarus 412, na si baya. Lakini Wajerumani walikwishatangulia, na benki zao ziliwakopesha wanunuzi.

Mwaka 1999 Irisbus, kampuni ya Renault na Iveco kwa pamoja, ikashika hisa nyingi za Ikarus. Wahungaria wengi walidhani mwokozi amefika. Tatizo ni kwamba Irisbus ilikuwa na viwanda Ufaransa, Italia na Ucheki, na Ulaya nzima haikuhitaji mabasi yote hayo. Mátyásföld ikafungwa, kisha mwaka 2003 kiwanda cha pili cha Ikarus, cha mji wa Székesfehérvár, nacho. Karosa, kampuni ya mabasi ya Ucheki iliyokulia kwenye Comecon hiyohiyo na kuingia mikononi mwa mmiliki huyohuyo, iliachwa hai. Leo hutoa mabasi ya Iveco kwa maelfu kila mwaka. Hilo ndilo linalowauma watu wa Budapest hadi kesho, na siwalaumu.

Mwaka 2004 jiji la Budapest lilianza kupokea mabasi mapya ya kiungo. Yalikuwa Volvo. Miaka miwili baadaye tajiri wa Kihungaria, Gábor Széles, alilinunua jina la Ikarus kutoka kwa Irisbus, na mabasi machache yakatoka tena na nembo hiyo. Yale ya zamani ya aina ya 280, ya dizeli, yaliendelea kubeba abiria wa Budapest hadi Novemba 2022, karibu miaka 20 baada ya kiwanda kilichoyazaa kufungwa.