Haki za wanawake hazikuanza Beijing

Kila Machi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine wanapoandaa maonyesho ya historia ya wanawake, maneno ni yaleyale: "Mambo haya yameletwa na Beijing." Si kweli. Mkutano wa Beijing, yaani mkutano wa dunia wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika China, ulikuwa Septemba 1995, na Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Kabla ya hapo kulikuwa na miaka 40 ya kazi.

Bibi Titi Mohamed aliongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kuanzia 1955. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisoma kifungu cha 114 cha sheria hiyohiyo na kutamka kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe, aliyekata rufaa, alishindwa, maana alikwisha kutapanya fedha alizopewa na mumewe, hili husahauliwa.)

Ukipanga picha ukutani, basi, anzia 1955. Ukianzia 1995, kila mpita njia ataondoka akiamini uzushi uleule.