Gesi ya AC ya Gari Haiishi, Inavuja

Kila kaskazi ikianza kuchoma, madereva wa Mombasa hurudi kwa fundi na ombi lile lile: nijazie gesi. Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Huzunguka ile ile ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua sana basi pana mahali inapotoka.

AC huliondoa joto ndani ya gari na kulitupa nje. Kompresa huikandamiza gesi hadi ikawa moto mno. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, mbele ya rejeta, ikapoa na kugeuka kimiminika. Kisha hupenya tundu jembamba la vali, shinikizo likashuka ghafla, na kimiminika kikaanza kuchemka kikiwa na baridi ya nyuzi chache tu juu ya 0. Hakichemki bila joto, nacho hulivuta kutoka kwenye hewa inayopulizwa kupitia evapareta, nyuma ya dashibodi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Sehemu ya kazi ya AC huishia kuugeuza unyevu huo kuwa maji yanayodondoka chini ya gari. Hayo si hitilafu. Yakilowesha zulia upande wa abiria, mpira wa kutolea maji umeziba.

AC inayopoza ukiwa mwendoni lakini ikapuliza joto kwenye foleni ya feri ya Likoni, kagua kwanza feni ya kondensa. Kagua pia mapezi ya kondensa, yaani vibati vyake vyembamba vya kutolea joto, maana chumvi ya bahari huyala. Doa la mafuta lililoshika vumbi kwenye kiungio huonyesha penye uvujaji, kwani mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi.

Fundi azibe uvujaji kwanza, avute hewa yote kwa pampu kwa angalau dakika 30, kisha asubiri aone kama geji itapanda, dalili kwamba bado panavuja. Ajaze kwa kupima kwa mizani, kadiri ya kibandiko kilicho chini ya boneti; magari mengi madogo huchukua kati ya gramu 400 na 600. Gesi ikizidi, shinikizo hupanda na ubaridi hupungua. Wala asiiachie gesi hewani: kilo 1 ya R134a, gesi ya AC ya magari mengi, huongeza joto la dunia zaidi ya kilo 1,300 za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100.

Mwenye gari la haibridi, linalotumia petroli na umeme, awe macho zaidi. Kompresa yake ni ya umeme wa volti nyingi, na huhitaji mafuta yasiyopitisha umeme. Mafuta ya PAG, yale ya kompresa za kawaida, yakiingia humo, hata kidogo, umeme huanza kuvuja na gari linaweza kukataa kuwaka.