Mseto sio mchanganyiko tu

Juzi mtoto wa dada yangu katoka zahanati na vidonge vya malaria, akaniuliza, "Mjomba, mbona nesi kaviita dawa mseto, si ndo ule wali wa choroko anaopika bibi?" Nilifurahi kweli, manake mimi nashinda kwenye kamusi na hilo swali hata watu wazima hawaliulizi. Ndio, ni neno lilelile.

Limetoka kwenye kitenzi kuseta, yaani kuponda kitu kwa kukibonyezabonyeza mpaka kilainike. Cheza inatoa mchezo, tega inatoa mtego, seta inatoa mseto, ile o ya mwisho ndo inataja kitu kilichotokana na tendo. Sasa angalia sufuria ya bibi: choroko zinachemshwa mpaka zinapasuka, mchele unaingia, tui la nazi linafuata, halafu mwiko unapita taratibu unabonyeza pembeni na katikati mpaka vyote vinashikana na vile viganda vya kijani vinabaki vimetapakaa kwenye wali. Makande hayako hivyo, kwenye makande unaweza ukachagua maharage ukaacha mahindi (watoto wanafanya sana hiyo), ila kwenye mseto hakuna cha kuchagua, ukichota umechota vyote. Ndo maana kwenye kamusi ninayoiandaa mimi nashikilia kabisa chakula kiwe maana namba 1, hizo zingine zimezaliwa hapo.

Na dawa imelibeba neno vizuri mno. Kidonge kimoja cha ALu, hiyo dawa mseto ya malaria, kina artemeta miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120, ya kwanza inaua vimelea haraka lakini haikai mwilini, ya pili inabaki siku kadhaa inamalizia waliosalia, na hiyo inafanya iwe vigumu kwa vimelea kuzoea dawa kama vilivyozoea klorokwini mpaka Tanzania ikaiacha mwaka 2001. Huwezi kumeza moja ukaacha nyingine. Mtu mzima ni vidonge 4 mara 2 kwa siku kwa siku 3, jumla 24, na umalize vyote jamani hata kama homa imeshuka.

Kilimo mseto, miti na mazao shamba moja, hapo hakuna kinachopondwa, neno limenyooshwa kidogo na sina ugomvi nalo.

Linalonigusa zaidi ni la Kenya. Tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga, waliogombania urais, walisaini makubaliano ya kutawala pamoja mbele ya msuluhishi Kofi Annan, watangazaji wakaiita serikali ya mseto, ila mtaani watu wengi wakasema serikali ya nusu mkate. Yote mawili ni chakula, lakini mseto umeshikana na mkate umekatwa, kila mtu na kipande chake. Kwenye kamusi nimeyaweka yote mawili, kila moja na maana yake, na kwenye mseto sijaandika kwamba ni sawa na nusu mkate.