Michembe si chakula cha njaa

Mtu wa mjini akiona michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni Mwanza, utamsikia: "Hicho chakula cha njaa cha Wasukuma." Kauli moja, makosa mawili.

Tuanze na njaa. Viazi vitamu vibichi havikai. Ukivivuna vinaoza upesi, na ukiviacha shambani ardhi ikikauka na kupasuka, fukusi wanavitoboa. Ndiyo maana kiangazi, jua linapowaka, kina mama hukaa barazani na visu. Viazi vikimenywa, vikakatwa vibichi na kuanikwa, hiyo ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, hayo ni matobolwa: matamu, ila yanataka meno. (Wengi huchanganya majina hayo, hata wenyeji wa juzi.) Vikikauka sawasawa hukaa miezi mingi. Kwa hiyo ni akiba ya mwaka wa mavuno. Mwaka wa njaa utaanika nini?

Halafu chemsha michembe, uichanganye na karanga zilizotwangwa, uteremshie maziwa mgando. Mwenye kuita hiyo shida hajaionja.

Na Wasukuma peke yao? Nenda Sengerema, kando ya Ziwa Victoria. Wazinza ndio wenyeji, Wasukuma wamejaa, na mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, utawakuta Wajita na Wakerewe. Huyu ana viazi, yule ana dagaa, mwingine ana udaga, yaani muhogo uliovundikwa ukakaushwa. Bakuli la michembe hutoka ua huu, linarudi na dagaa.