Subira si kunyamaza

"Mwenye imani halii msibani."
Nenda matanga yoyote Mji wa Kale wa Mombasa utayasikia haya. Mjane ameketi mkekani, ubani unafuka, na kila anayeingia anamnong'oneza: "Usilie mwanangu, subiri." Yasemwa kwa mapenzi, lakini yanamwongezea mzigo. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim machozi yalimtoka mbele ya masahaba, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika, ila hatusemi isipokuwa linalomridhisha Mola. Nabii Yaakub, huyo huyo aliyesema "subira njema" katika Qur'ani, alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yakawa meupe. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kuchana nguo na kuomboleza kwa mayowe. Tena eda, muda wa kukaa kabla ya kuolewa tena, ya mjane asiye na mimba ni miezi 4 na siku 10. Dini yenyewe imempa nafasi ya kuhuzunika.

"Dhiki ni adhabu ya dhambi zako."
Ayub alikuwa nabii, na bado alipatwa na maradhi na dhiki. Mwenye kumwona mgonjwa akaanza kumtafutia makosa, na amsome Ayub kwanza.

"Mke mwenye subira hubeba kila kitu."
Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Binti arudi kwao jicho limevimba, ashika buibui lisimwanguke usoni, aambiwa: "Rudi kwako, ndoa ni kuvumiliana." Kwani safari ya kumwendea Mungu ni lazima ipite kwenye ngumi za mtu? Katika hadithi za Mtume alizokusanya Bukhari, mke wa Thabit bin Qays alimwendea Mtume, akasema hamlaumu mumewe kwa dini wala tabia, ila hawezi kuishi naye. Akaulizwa kama atamrudishia shamba alilopewa, akakubali, wakaachana. Hakuambiwa imani yake ni haba.

Na hapa Mombasa mlango upo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, imewapa Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kusikizwa naye. Tangu 2015 ipo pia sheria ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, na chini yake mahakama yaweza kumzuia mpigaji asimkaribie mwenziwe. Anayeshika njia hiyo bado anasubiri: tarehe za kesi zinaahirishwa, majirani wanasema, watoto wanataka kula.

Basi binti akibisha usiku, afunguliwe, apewe maji, aulizwe kama anaogopa kurudi. Jibu lake ndilo lifuatwe.