Taa za chini ukutani: maji huingilia nyuma

Juu ya meza ya karakana yetu ya mafunzo ipo taa iliyong'olewa kwenye ukuta wa baraza, Dar es Salaam. Kioo kizima, mpira wake safi, na ubavuni imeandikwa IP65. Lakini ukiifungua, shaba ya nyaya imeota kutu ya kijani na tepu nyeusi iliyofungia maungio imelegea, inanata vidole. Mwenye nyumba alikuwa akisumbuliwa na breka inayokata kila mvua ikinyesha. Mwanawe aliyekuwa akimwagilia maua alishasema siku nyingi kwamba ukuta "unatekenya", yaani akiugusa anasikia umeme.

Maji hayakupita kwenye kioo. Yaliingilia nyuma, pale waya unapotokea ukutani. Kwenye ile IP65, 6 maana yake vumbi halipenyi, na 5 maana yake taa inastahimili maji ya mpira wa bustani yanayorushwa kutoka upande wowote. Ni sifa ya taa iliyofungwa kama mtengenezaji alivyoelekeza. Fundi akitoboa tundu pana kuliko waya na kuliacha hivyo hivyo, IP65 imebaki maandishi.

Taa iliyo sentimita 30 au 40 kutoka chini hupata taabu kuliko ile ya juu ya mlango. Matone yakigonga sakafu huirukia, jembe na fagio huigonga, watoto huishika. Kuna na jambo lisilofikiriwa sana: joto. Taa iliyopigwa na jua mchana kutwa ikimwagiwa mvua ya jioni hupoa ghafla, hewa ya ndani hunywea, na huvuta unyevu kupitia upenyo wowote, hata ule ulio kati ya nyuzi za waya. Huo ndio ukungu unaouona asubuhi ndani ya kioo.

Kwa hiyo kazi nzuri huanzia nyuma. Waya usiingie taa kwa kushuka moja kwa moja kutoka juu. Uache ushuke kidogo chini ya tundu, kisha uupandishe ndipo uingie, ili tone likifuata waya lidondoke kwenye lile tumbo. Tundu lifungwe glandi, kile kifungio kinachoubana waya pande zote, na waya uwe wa duara. Ule bapa haubaniki sawasawa. Taa ikishakaa, paka silikoni juu na pande mbili inapokutana na ukuta, lakini chini pasizibwe. Mafundi wengi huziba pande zote wakidhani wanasaidia, kumbe maji yaliyopita kwenye ufa wa plasta hukosa pa kutokea. Maungio yafanywe kwa konekta ndani ya boksi lisiloingiza maji. Kwa wa pwani, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Hapa sasa naomba usikilize sana. Breka ya ampea 10 hulinda waya usiungue, haimlindi mtu. Mtu aliyelowa anaweza kuuawa na mkondo usiofika ampea 0.1, na breka hiyo isishtuke kabisa. Kinachomlinda mtu ni RCD ya miliampea 30, swichi ya usalama ambayo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikizidi hukata katika sehemu ndogo ya sekunde. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache, isipokata, ibadilishwe.

Waya wa athi, wa kijani na njano, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ufike kila taa. Hata taa yenye alama ya mraba ndani ya mraba, ambayo haiuhitaji, ipelekewe, maana siku moja itabadilishwa kwa taa ya chuma. Nyumba nyingi za zamani hazina athi kwenye nyaya za taa, kwa hiyo usichukulie umeme huko. Vuta laini mpya kutoka boksi la breka, kwa waya wa milimita 1.5 za mraba.

Kwenye njia wanazochezea watoto napendelea volti 12, transfoma ikae ndani. Ila piga hesabu kwanza. Taa kumi za wati 5 hutumia ampea 0.2 hivi kwenye volti 230, lakini kwenye volti 12 zinapita ampea 4. Zikiwa zote mwisho wa waya huo wa 1.5 wenye urefu wa mita 20, volti 2 hivi hupotea njiani na taa hufifia. Dawa ni waya mnene zaidi, au kusogeza transfoma karibu.

Kabla ya kugusa chochote, zima breka ya laini hiyo. Jaribu testa kwenye soketi unayojua ina umeme, kisha kwenye waya, kisha rudi kwenye soketi, kwani testa mbovu nayo haiwaki. Kuunganisha kwenye boksi la breka mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na muombe akuonyeshe. Kabla hajafukia nyaya kwa plasta, apime insulesheni, yaani uzima wa ganda la waya, kwa kipimo kiitwacho mega mbele yako. Ikisoma chini ya megaohm 1, huenda kuna mahali waya umechubuka, na ukuta ukiwa bado wazi kuubadilisha ni kazi ya dakika chache.